Vifuko vya seli shina na kifafa cha mimba: Utafiti umefikia wapi?

KWA mja mzito aliyepatwa na priklampsia, yaani shinikizo la damu linalozuka baada ya wiki ya 20 ya ujauzito na kuanza kudhuru figo, ini au ubongo wake, tiba inayoukomesha ugonjwa wenyewe ni moja tu: kujifungua. Vidonge hushusha shinikizo na sindano huzuia kifafa, lakini chanzo hakiondoki hadi kondo la nyuma litoke mwilini.

Ndiyo maana habari za vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli shina, ambavyo wanasayansi huviita eksosomu, zimepokelewa kwa hamu na madaktari wa uzazi. Katika maabara kadhaa duniani, vifuko hivyo vimeshusha shinikizo la damu la panya wenye mimba bila kuikatiza mimba.

Makala haya yanajaribu kueleza jinsi vifuko hivyo vinavyofanya kazi, na habari hizo zina maana gani kwa mwanamke wa Kikambala, pale kandokando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kati ya Mtwapa na Vipingo, ambako hoteli za kitalii zimepanga ufuoni huku wenyeji wengi wakiishi upande wa bara.

Watu wengi wa Pwani huujua ugonjwa huu kwa jina la hatua yake ya mwisho, kifafa cha mimba. Mama hutetemeka, macho humgeuka, povu humtoka kinywani. Mara nyingine walio karibu naye hudhani amepagawa na pepo, na saa za thamani hupotelea kwa mganga. Lakini kifafa ni tamati ya safari iliyoanza miezi kadhaa nyuma, pasipo mama mwenyewe kuhisi chochote.

Inakadiriwa kuwa kati ya mimba 100, mbili hadi nane hukumbwa na priklampsia. Kila mwaka makumi ya maelfu ya wanawake hufariki duniani kutokana na shinikizo la damu la ujauzito, wengi wao wakiwa katika nchi maskini. Nchini Kenya, ambako sensa ya mwaka 2019 ilikadiria vifo 355 vya kina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, shinikizo hilo ni miongoni mwa visababishi vikuu pamoja na kuvuja damu.

Chanzo chake kiko mahali kondo la nyuma linapojishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Katika miezi minne au mitano ya kwanza, seli za kondo hupenya ukuta huo na kuifumua mishipa midogo ya damu ya mama iliyojisokota, zikaigeuza kuwa mifereji mipana inayopitisha damu kwa wingi. Kwa baadhi ya wanawake kazi hiyo haikamiliki. Mishipa hubaki myembamba mithili ya mpira wa maji uliokanyagwa, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo kondo linavyozidi kukosa damu na hewa.

Kondo lililo katika hali hiyo hutoa kilio cha kikemikali. Mwaka 2003, watafiti wa Boston nchini Marekani, akiwemo Dkt Ananth Karumanchi, walionyesha kuwa humwaga katika damu ya mama kiasi kikubwa cha protini iitwayo sFlt-1. Protini hii huzinasa protini nyingine mbili, VEGF na PlGF, ambazo utando wa ndani wa mishipa ya damu hauwezi kukaa salama bila ya hizo. Zikishanaswa, utando huo huumia mwili mzima. Shinikizo hupanda, figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo, ini huathirika, na hatimaye ubongo. Watafiti hao walipoiongeza protini hiyo kwa panya wenye mimba, panya nao walipatwa na shinikizo na kuvujisha protini kwenye mkojo.

Lakini kwa nini kazi ya seli za kondo ikwame kwa mwanamke mmoja na ifaulu kwa jirani yake? Sehemu ya jibu imetoka hapa Afrika Mashariki. Daktari wa uzazi Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na Prof Ashley Moffett wa Cambridge, Uingereza, alichunguza jeni za mamia ya wanawake waliojifungua katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa kuna kundi la jeni zinazosimamia askari wa kinga wa mji wa mimba, ambalo huwakinga wanawake wa Uganda dhidi ya priklampsia, na ambalo halipatikani miongoni mwa Wazungu. Wazungu wana kinga yao, lakini inatoka kwenye jeni nyingine.

Jambo hilo lina uzito kwa yeyote anayedhani kuwa dawa iliyofaa Boston au Shanghai itafaa vivyo hivyo Kilifi.

Sasa tuje kwa vifuko vyenyewe. Karibu kila seli ya mwili hutoa nje vijifuko vilivyozungushiwa utando wa mafuta. Eksosomu ni vile vidogo zaidi, vyenye upana wa takriban nanomita 30 hadi 150. Ukivipanga mia saba vya nanomita 100 katika mstari mmoja, mstari huo utakaribia tu upana wa unywele wa kichwani.

Viligunduliwa mwaka 1983 na makundi mawili, moja la Rose Johnstone mjini Montreal, Canada, na jingine la Philip Stahl mjini St. Louis, Marekani, yaliyokuwa yakichunguza jinsi chembe nyekundu za damu zinavyokomaa. Kwa muda mrefu wengi walivichukulia kuwa takataka ambazo seli huzitupa nje ya nyumba. Kisha, mwaka 2007, watafiti wa Gothenburg nchini Uswidi wakaonyesha kuwa ndani mwake mna RNA, yaani nakala za maagizo ya kijenetiki, na kwamba seli nyingine ikivipokea vifuko hivyo huweza kuyatekeleza maagizo hayo. Kumbe zile takataka zilikuwa barua.

Miongoni mwa maagizo yanayobebwa humo ni maikro-RNA, vipande vifupi vinavyoamua jeni ipi inyamazishwe na ipi iachwe ifanye kazi. Umuhimu wa vipande hivyo ulitambuliwa mwaka 2024, wagunduzi wake Victor Ambros na Gary Ruvkun walipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Seli shina nazo ni seli ambazo bado hazijafungwa kwenye kazi moja. Zile za aina ya mesenkaima, zinazozungumziwa hapa, zaweza kugeuka kuwa seli za mfupa, gegedu au mafuta. Hupatikana katika uboho wa mifupa na vilevile katika ute mzito ulio ndani ya kiungamwana, ile kamba inayomwunganisha mtoto na kondo. Katika maboma mengi ya Pwani kondo na kitovu vimekuwa vikifukiwa ardhini kwa heshima. Hospitalini, mara nyingi huchomwa. Leo vimekuwa malighafi ambayo maabara za ughaibuni huihifadhi kama lulu.

Hapo awali, madaktari walitarajia kuwa seli shina zikidungwa mwilini zingejenga upya kiungo kilichoharibika. Ikabainika kuwa nyingi hufa au hupotea upesi, ilhali nafuu hubaki. Mwaka 2010, watafiti wa Singapore, miongoni mwao Sai Kiang Lim, walizitenga eksosomu kutoka kwa seli hizo, wakazitumia peke yake, na zikapunguza madhara ya moyo uliokatiwa damu katika panya. Tangu hapo dhana ikabadilika. Huenda mganga hasa si seli, bali ni barua anazoziandika.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mja mzito. Seli hai yaweza kugawanyika na kuzaana, na hofu ya uvimbe haiepukiki. Kifuko hakigawanyiki. Pia hakiamshi sana kinga ya mwili, na chaweza kugandishwa na kutunzwa kama dawa nyingine.

Majaribio mengi kuhusu priklampsia hufanywa hivi. Panya mwenye mimba hupewa kemikali iitwayo L-NAME, inayoizuia mishipa ya damu kutanuka, hadi shinikizo lake lipande. Kisha hudungwa eksosomu zilizotolewa kwa seli shina za kiungamwana cha binadamu. Matokeo yaliyochapishwa katika miaka ya karibuni, mengi yakitoka China, yanafanana: shinikizo hushuka, protini hupungua kwenye mkojo, mishipa ya damu ya kondo huongezeka, na vitoto huzaliwa na uzito wa kuridhisha zaidi.

Jaribio lililomvutia zaidi mwandishi huyu lilifanywa Boston, na halikuhusu mama pekee. Mwaka 2022, Dkt Elizabeth Taglauer na wenzake waliripoti kuwa panya wenye dalili za priklampsia walipodungwa vifuko vya seli shina za kiungamwana wakati wa ujauzito, mapafu ya watoto wao yalikingwa dhidi ya madhara ambayo ugonjwa wa mama ungewaachia. Mapafu ndiyo kiungo kinachowaponza watoto wengi wanaotolewa kabla ya wakati kwa sababu ya shinikizo la mama.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Mwanamke akipatwa na priklampsia kali katika wiki ya 28, daktari hujikuta kati ya roho mbili. Akimzalisha, mtoto huzaliwa mchanga mno, akihitaji mashine ya joto, hewa ya oksijeni na wauguzi waliofunzwa kumtunza usiku na mchana. Akingoja, mama aweza kupatwa na kifafa au kuvuja damu ubongoni. Dawa itakayoununua muda, hata wiki mbili tu, bila kumhatarisha mama, ingebadilisha hesabu hiyo yote. London, mtoto wa wiki 28 ana nafasi nzuri ya kuishi. Katika kaunti zetu nafasi hiyo ni finyu, na kwa hiyo wiki mbili za ziada tumboni zina thamani kubwa zaidi Kikambala kuliko London.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kushangilia. Vifuko haviponyi kwa sababu tu ni vifuko. Kondo lenye ugonjwa nalo hutoa vyake, na mwaka 2020 watafiti waliripoti kuwa vifuko vinavyotokana na kondo, vikidungwa kwa panya, huwaletea dalili zilezile za priklampsia. Bahasha ni za namna moja, ila barua zilizomo ndizo zinazotofautiana. Anayetaka kutibu kwa eksosomu hana budi kujua kila kundi linalotoka maabara limebeba nini, na hilo bado ni gumu. Seli za kiungamwana cha mama mmoja hazitoi vifuko sawasawa na vya mwingine, na kipimo cha dozi bado hakijakubaliwa.

Isitoshe, panya hapatwi na priklampsia kwa maumbile yake. Mimba yake huchukua wiki tatu, na ugonjwa anaotibiwa ni ule aliosababishiwa na mtafiti siku chache nyuma. Kumwondolea madhara ya kemikali ni jambo moja. Kumtibu mwanamke ambaye kondo lake liliharibika tangu mwezi wa tatu ni jambo jingine kabisa.

Tena kuna suala la mtoto. Vifuko vingi vinavyodungwa kwenye mshipa hunaswa na ini na wengu muda mfupi baadaye, lakini ukubwa wake ni mdogo kiasi kwamba suala la kuvuka kondo haliwezi kupuuzwa. Dunia haijasahau thalidomaidi, dawa ya kichefuchefu cha ujauzito iliyoondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyodumaa. Tangu wakati huo majaribio ya dawa yamewaepuka waja wazito, na tahadhari hiyo imewaacha na dawa chache zilizochunguzwa kwa ajili yao.

Si kwamba majaribio hayo hayawezekani Afrika. Katika Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, Prof Cathy Cluver na wenzake waliwapa wanawake wenye priklampsia ya mapema dawa ya kisukari iitwayo metformini. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa walioitumia waliendelea na mimba kwa wastani wa siku 17.7, na wasioitumia siku 10.1. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu, lakini ilionyesha njia. Na metformini ni kidonge cha bei nafuu kinachopatikana katika maduka mengi ya dawa, ilhali eksosomu kwa kawaida hutunzwa katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sufuri. Majokofu ya aina hiyo yapo mjini Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989. Kwenye zahanati ya kijijini, umeme ukikatika, hata chanjo hutiwa mashakani.

Kwa sasa, basi, hakuna mwanamke anayepaswa kuuziwa eksosomu kama tiba ya shinikizo la ujauzito. Jambo hili lafaa lisemwe bila kuficha, kwa maana biashara imekwisha kuitangulia sayansi. Mitandaoni kuna watu wanaotangaza sindano za eksosomu kwa ajili ya ngozi, nywele, magoti na takriban kila maradhi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya aina hiyo, na mnamo Desemba 2019 ilitoa tahadhari kwa umma baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizodaiwa kuwa na eksosomu.

Vilivyothibitishwa ni vitu vya kawaida mno, pengine ndiyo sababu havitajwi sana magazetini. Mwaka 2002, utafiti mkubwa ulioitwa Magpie, uliowashirikisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2017, utafiti ulioongozwa na Prof Kypros Nicolaides wa London ulionyesha kuwa wanawake walio katika hatari kubwa, wakimeza miligramu 150 za aspirini kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14, hupunguziwa kwa asilimia 62 uwezekano wa kupatwa na priklampsia inayolazimu kuzaa kabla ya wakati. Na mwaka 2024, matokeo kutoka Dar es Salaam na India, yaliyowahusu wanawake 11,000 katika kila nchi, yalibainisha kuwa miligramu 500 za kalsiamu kwa siku zinakaribia kufanya kazi sawa na 1,500. Hiyo ina maana ya vidonge vichache na gharama ndogo kwa mama na kwa serikali.

Yote hayo hutegemea kwanza kifaa cha kupimia shinikizo na kijiti cha kupimia mkojo. Mama ambaye shinikizo lake halijapimwa hawezi kujulikana kuwa yumo hatarini, na hata eksosomu zitakapokuwa dawa, hatapewa. Mwanamke wa Kikambala huanzia kwenye kliniki ya karibu. Hali ikichafuka, hukimbizwa kaskazini hadi Hospitali ya Kaunti mjini Kilifi, au kusini hadi hospitali kuu ya rufaa ya Pwani mjini Mombasa, akivuka daraja la Mtwapa kisha la Nyali. Usiku, kwa bodaboda au gari la kukodi, njia hizo si fupi.

Lakini Kilifi haiko nje ya sayansi hii. Bara kidogo kutoka Kikambala, katika hospitali za Rabai na Mariakani, mtandao wa utafiti uitwao PRECISE, unaoongozwa na Prof Peter von Dadelszen wa King's College London, umewafuatilia waja wazito pamoja na wenzao wa Gambia na Msumbiji. Nchini Kenya kazi hiyo iliendeshwa na Chuo Kikuu cha Aga Khan, Prof Marleen Temmerman akiwa miongoni mwa viongozi wake. Damu, mkojo na vipande vya kondo vilikusanywa kwa ridhaa ya kina mama, wenye afya na waliougua, vikahifadhiwa ili watafiti waweze kuuliza kondo la mwanamke wa Kiafrika linakosea wapi na lini.

Sampuli kama hizo ndizo zinazoweza kuonyesha iwapo barua zinazobebwa na vifuko vya wanawake wa Kilifi zinafanana na zile zilizosomwa ng'ambo. Baada ya yale yaliyopatikana Mulago, mtu asishangae zikitofautiana. Na siku majaribio ya kwanza kwa binadamu yatakapofika, itapasa waja wazito wa huku waulizwe mapema, kwa lugha wanayoielewa, badala ya kuletewa dawa iliyokwisha kukamilishwa kwa miili ya wengine.

Kwa sasa, wataalamu wanawashauri waja wazito kwenda kliniki mara tu mimba inapojulikana, ikiwezekana kabla ya wiki ya 12, kwa kuwa aspirini hufaa zaidi ikianzwa mapema, na kwa maagizo ya daktari au muuguzi pekee. Walio katika hatari zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, wenye kisukari, maradhi ya figo au shinikizo la tangu zamani, na waliowahi kuugua priklampsia. Kichwa kinachouma bila kutulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, na uso au mikono kuvimba ghafla ni dalili za kwenda hospitalini saa ileile. Hatari haiishi siku ya kujifungua: kifafa chaweza kuzuka hata baada ya mtoto kuzaliwa, hivyo shinikizo la mama linapaswa kuendelea kupimwa hadi wiki ya sita.